Boti ya kuagiza kwa fundi: chagua tezi na mkuku kabla ya urefu

Wateja wengi wanaofika kwa fundi wa boti, iwe Dunga, Mbita au Usenge, huanza na urefu. Nataka ya futi 26, rangi ya bluu na nyekundu, jina hili ubavuni. Fundi anawapa hiyo futi 26, na ni nadra mtu kulalamika baadaye kwamba boti imekuwa fupi au ndefu mno. Majuto hutoka nyuma: tezi (sehemu ya nyuma ya boti) iliyochongoka iliyobandikwa injini ubavuni, tezi bapa inayotarajiwa kupiga bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, kwa tanga, au mkuku (uti wa chini wa boti) mrefu unaopeleka mapovu kwenye propela mpaka injini inapiga mayowe na boti haisogei. Kwa hiyo hapa tunaanzia tezi ndipo tuje omo, yaani mbele.

Maelezo haya ni ya boti ya mbao aina ya sese, yenye mkuku na mbao za ubavuni zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbao za ndani zinazoshika umbo), inayojengwa fukwe zote za upande wetu wa Kenya wa Ziwa Victoria kuanzia Busia hadi Migori. Boti za faiba zinaongezeka, na kanuni za umbo ni zilezile, ila kwa faiba unachukua kalibu iliyopo. Faida kubwa ya kuagiza ya mbao ni kwamba umbo ni lako, basi usimwachie fundi akuchongee ile aliyomchongea mteja wa jana.

Kazi gani, na saa ngapi

Kabla ya kuongea na fundi, jua boti itakuwa majini saa ngapi. Kwenye Ghuba ya Winam upepo una ratiba. Usiku na alfajiri unatoka nchi kavu, tena kwa upole. Kuanzia adhuhuri unageuka, unatoka ziwani upande wa magharibi na kusini magharibi, ukisukuma maji kuelekea Kisumu. Ghuba haina kina kirefu, ndiyo maana mawimbi ya alasiri huwa mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana kwa karibu. Ukitoka nje ya kisiwa cha Rusinga kwenye ziwa wazi, mawimbi yanakuwa makubwa zaidi lakini yana nafasi kati yake.

Boti ya omena (dagaa) inatoka jioni, inafanya kazi usiku kwa taa na kurudi asubuhi. Inakutana zaidi na maji tulivu, na tatizo lake ni uzito wa wavu uliolowa na samaki. Boti ya abiria kati ya Mbita na Mfangano inaweza kukutana na alasiri ikiwa imejaa watu wanaokaa upande mmoja kukwepa maji yanayoruka. Boti ya mbuta (sangara) inayolala visiwa vya Remba au Ringiti inahitaji kwenda mbali na kurudi na mzigo, mara nyingi wimbi likiwa nyuma yake. Hizo ni boti tatu tofauti hata zikiwa na urefu mmoja.

Angalia pia mahali pa kutia nanga. Mchanga unavumilia mkuku wowote. Mwamba, kama ule wa visiwani, unakula mkuku, na hapo utaagiza kipande cha mbao ngumu cha kubadilishwa chini yake. Na kama ufuo wako unafungwa na magugu maji kila mara, hilo litagusa umbo la omo, mkuku na usukani, tutakavyoona.

Tezi: iliyochongoka au bapa

Sese iliyochongoka pande zote mbili ni boti ya kasia na tanga. Maji yanafungana vizuri nyuma yake, haikokoti mkia wa mapovu, na wimbi linaloifuata linagawanyika kwenye tezi badala ya kuisukuma kando. Kwa mwendo wa pole hakuna umbo linalohitaji nguvu kidogo kuliko hili.

Udhaifu wake unaonekana ukiongeza nguvu. Boti isiyopanda juu ya maji ina mwendo wa mwisho unaotokana na urefu wake. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti yenye futi 23 majini inapata noti 6.4 hivi, yaani karibu kilomita 12 kwa saa. Tezi iliyochongoka ikisukumwa zaidi ya hapo inazama, kwa kuwa nyuma hakuna upana wa kuibeba. Omo inainuka, maji yanakaribia ukingo wa nyuma, na petroli inaisha kwa kuchimba shimo majini. Kwa boti kama hii injini ya nguvu za farasi 8 inatosha, ya 15 ni nyingi, na ya 40 ni hasara.

Kisha kuna suala la mahali pa kuifunga. Wengi hutoa kibao ubavuni karibu na tezi. Propela ikiwa kando ya mstari wa katikati, boti inavuta upande mmoja muda wote, na ikiyumba kuelekea upande wa pili propela inatoka nje ya maji. Ni njia ya kuvumilika kwa injini ndogo ya kurudia nyumbani upepo ukifa. Haifai kuwa mpango wa kila siku.

Tezi bapa ndiyo boti ya injini. Ubao wa nyuma unabeba injini katikati, na upana wa nyuma unaizuia isizame boti inapokazwa. Pia inabeba mzigo zaidi kwa urefu uleule. Gharama yake ni mbili. Ukizima injini na kushika kasia, unakokota maji nyuma ya ule ubao, na mikono itakueleza ndani ya dakika kumi. Na wimbi la nyuma linapiga kwenye ubapa, linainua tezi na kutaka kugeuza boti ubavu. Boti nyingi zinazopinduka zikirudi na wimbi nyuma hugeuka kwanza, zinapigwa ubavuni, ndipo zinapinduka.

Ipo njia ya kati, na kwa mvuvi wa kawaida wa ghubani mwenye injini ya 15 hii ndiyo tunayoipendekeza: tezi bapa lakini nyembamba. Kama boti ina upana wa futi 5 na nusu katikati, ubao wa nyuma uwe na upana wa futi 3 juu na futi 2 hivi usawa wa maji. Inabeba injini ya 15 yenye kilo 36 hivi bila kuchuchumaa, na bado inakubali kasia. Injini ya 40, ambayo ni kilo 70 na zaidi, inataka upana wa nyuma usiopungua theluthi mbili ya upana wa katikati, na sakafu iliyonyooka sehemu yote ya nyuma.

Mkuku

Mkuku una kazi mbili na watu huzichanganya. Wa ndani ni uti unaoshika mataruma na mbao. Wa nje, ule unaochomoza chini ya boti, ni wa kuzuia boti isisukumwe kando na kuifanya ishike njia. Wa ndani haupunguzwi kamwe. Wa nje ndio unaochagua.

Kwa boti ya tanga, mkuku wa nje uchomoze inchi 5 au 6 na uende urefu wote. Bila huo, tanga la pembetatu likipokea upepo wa ubavuni boti inateleza kama sahani, unaelekeza omo Homa Bay na unafika kwingine. Ufanye uwe na kina zaidi kuelekea tezi, kwa mfano inchi 4 mbele na 6 nyuma. Kina kikiwa kingi mbele, omo inakwama majini huku tanga likisukuma nyuma, na boti inataka kugeukia upepo muda wote. Nahodha anapigana na kasia safari nzima, na kasia lililokazwa pembeni ni breki. Boti ikikugeukia upepo kupita kiasi baada ya kujengwa, jaribu kwanza kulaza mlingoti mbele kidogo au kuhamishia mzigo nyuma kabla hujamwita fundi.

Kwa boti ya injini, inchi 2 au 3 zinatosha, na hapa ndipo kosa la kawaida zaidi lilipo. Mkuku wa nje ukiendelea hadi kwenye ubao wa nyuma, unaacha mstari wa maji yaliyovurugika na hewa moja kwa moja mbele ya propela. Propela inashika hewa, injini inapandisha mlio ghafla, boti haiongezi mwendo, na watu wanaanza kulaumu propela au fundi wa injini. Dalili yake ni kwamba ukikata kona kidogo mlio mara nyingi unatulia, kwa sababu propela imetoka kwenye ule mstari. Mwambie fundi mkuku wa nje ukomee futi 2 kabla ya ubao wa nyuma, na futi moja na nusu za mwisho upungue taratibu kutoka kina chake hadi sufuri, kingo zake zikiwa zimesuguliwa ziwe mviringo. Usikubali ukatwe wima kwa msumeno, maana kisiki cha hivyo kinavuruga maji kuliko mkuku mzima.

Mpindo wa mkuku ukitazamwa kwa ubavu nao una maana. Mkuku ulioinuka mbele na nyuma unageuka haraka na unapanda ufuoni kwa urahisi, lakini haushiki njia. Kwa kasia, mpindo wa inchi 4 hadi 6 kwenye boti ya futi 26 ni mzuri. Kwa injini, theluthi ya nyuma iwe imenyooka kabisa. Ikiinuka kuelekea tezi, boti ikikazwa inapiga kichwa juu na chini bila kukoma. Ikishuka kama ndoano, omo inazikwa kwenye wimbi. Weka kamba iliyovutwa au ubao ulionyooka chini ya sehemu hiyo kabla mbao hazijapigiliwa, na uone mwanga unapita wapi.

Kuhusu magugu maji: mahali omo inapokutana na mkuku pawe na mzunguko mpana, si kona, ili magugu yateleze chini. Kona kali inakusanya fungu zima na boti inakwenda nalo. Boti yenye usukani badala ya kasia, usukani ulale nyuma kwa nyuzi 40 hivi kwa sababu hiyohiyo. Injini haina dawa ya umbo. Ikiingia kwenye magugu, maji ya kupoza yanaziba kwenye tundu za mguuni. Angalia ule mkondo mdogo unaotoka pembeni ya injini. Ukikatika, zima, inua mguu, ondoa magugu, washa tena. Dakika chache bila maji zinaweza kuua injini.

Kimo cha ubao wa nyuma

Usiruhusu ubao wa nyuma ukatwe kabla hujajua mguu wa injini yako. Mguu mfupi unataka ubao wa inchi 15 kutoka juu hadi sakafu ya boti, mrefu inchi 20. Pima mwenyewe kwenye injini: kutoka ndani ya kibano kinachokalia ubao, hadi lile bapa la mlalo lililo juu ya propela. Muuzaji anaweza kukwambia ni mrefu kwa kuitazama tu.

Kwa ziwa hili tunashauri mguu mrefu hata kwa injini ya 15. Ubao wa inchi 15 una maana kwamba boti ikishuka na mzigo, kati ya wimbi la nyuma na ndani ya boti umebaki upana wa kiganja. Wanaonunua mguu mfupi kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu huishia kukata nafasi kwenye ubao uliokuwa mrefu, na maji huingia pale pale palipokatwa.

Bapa la juu ya propela liwe chini ya sakafu ya boti kwa inchi moja, au inchi mbili kama mkuku wa nje unakaribia. Likiwa juu ya sakafu, propela inanyonya hewa. Likiwa chini sana, mguu unakokota, maji yanaruka na kuingia, na petroli inapotea. Kupima, shikilia ubao ulionyooka chini ya boti kando ya mkuku, usukume nyuma hadi ufike injini, utaona tofauti.

Ubao wa nyuma usisimame wima. Uinamie nyuma kwa nyuzi 12 hivi. Fundi hana haja ya kupima nyuzi: kwa kimo cha inchi 20, ukingo wa juu uwe nyuma ya ukingo wa chini kwa inchi 4 na robo, kwa inchi 15, inchi 3 na zaidi kidogo. Ukisimama wima, hata ukisogeza pini ya kuinamisha injini hadi tundu la mwisho, propela inaendelea kusukuma omo chini. Unene uwe inchi 2 hivi mahali pa kibano, tabaka mbili za inchi moja zikiwa na nyuzi za mbao zinazokatizana, zimekazwa kwa bolti. Misumari peke yake italegea kwa mtikisiko. Kisha fundi aweke kiwiko cha mbao ngumu kutoka mkuku wa ndani hadi katikati ya ubao, na viwiko viwili vya ukingoni. Bila viwiko, nguvu yote ya injini inabebwa na misumari ya mwisho ya mbao za ubavuni.

Tumbo, upana na hesabu ya mzigo

Sakafu bapa inasimama imara mtu akitembea ndani, na inaingia kwenye maji ya magoti. Lakini inapiga wimbi kwa kishindo, na ikishainama kupita kiasi inapinduka kwa mara moja. Sakafu yenye umbo la V inapasua wimbi kwa ulaini lakini inayumbayumba ikiwa tupu. Omba zote mbili: V kali kwenye theluthi ya mbele, ikifunguka polepole hadi karibu bapa nyuma. Mbavu za mbele zifunguke kuelekea nje kwenda juu, ili maji yatupwe kando. Omo yenye mbavu wima ni nyepesi kujenga na inakulowesha kila alasiri.

Kwa upana, urefu ugawanywe kwa 4 hadi 6. Karibu na 4 ni boti ya mzigo na abiria, karibu na 6 ni ya kasia.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Chukua urefu na upana wa boti usawa wa maji kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 0.65 kama tezi imechongoka au 0.75 kama ni bapa pana. Jibu lake ni eneo ambalo boti inakalia majini. Kila mita moja ya mraba inabeba kilo 10 kwa kila sentimita boti inayozama. Boti yenye mita 7 kwa 1.4 usawa wa maji, tezi iliyochongoka, ina eneo la mita za mraba 6.4, yaani kila kilo 64 zinaishusha sentimita moja. Watu kumi wa kilo 75, wavu wa kilo 150 na injini na petroli kilo 60 ni kilo 960: imeshuka sentimita 15. Ileile ikiwa na tezi bapa pana ingeshuka sentimita 13.

Kwa hesabu hiyo ndiyo unaagiza kimo cha ubavu. Ikiwa na mzigo wote, sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji mahali pa chini kabisa isipungue sentimita 40 kwa ghuba, na 50 kwa anayetoka nje ya Rusinga. Usijaribu kuongeza kimo baadaye kwa kupigilia ubao mmoja juu ya ukingo bila kuongeza upana: umepandisha watu na mzigo, na boti iliyopandishwa hivyo inayumba zaidi ya ilivyokuwa.

Mbao, misumari, pamba

Mvule bado ni mfalme: hauozi upesi na haupindi sana. Ni ghali na ni adimu, hivyo boti nyingi mpya ni za saipresi au mkaratusi. Saipresi ni nyepesi, inakubali msumari, inafaa ubavuni. Mkaratusi una nguvu lakini ukiwa mbichi ni mzito, unapinda na kupasuka ukikauka juu ya mataruma. Kama fedha inaruhusu, mkuku na mbao mbili za kwanza kila upande ziwe mvule, zilizobaki saipresi. Hata hivyo uliza muuzaji risiti na kibali cha kusafirisha mbao, hasa za mvule, usije ukazipoteza njiani. Mbao zikae kivulini zimepangwa na vijiti katikati yake mpaka zikauke, na usikubali mbao zenye fundo kubwa kwenye kingo.

Kadirio la mbao za inchi 8 kwa 1 kwa boti ya futi 26: mzingo wa upande mmoja kutoka mkuku hadi ukingo ni futi 4 katikati, na wastani wa boti nzima ni futi 3.2. Hiyo ni 26 mara 3.2 mara pande mbili, futi za mraba 166. Ubao wa inchi 8 ukishapigwa randa una inchi 7 na nusu, hivyo unahitaji futi 266 za urefu, na ukiongeza moja ya tano kwa vipande vya kutupa ni futi 320. Mtu akikuletea bili ya futi 450, muulize nyingine zinakwenda wapi. Mataruma yakiwa kila inchi 18, utahitaji 17 hivi, na kwenye kila taruma kila ubao upate misumari miwili, si mmoja. Misumari ya inchi 3 iliyopakwa zinki, kilo 5 zinatosha na kubaki. Msumari mweusi wa kawaida unaota kutu, kutu inaozesha mbao kuuzunguka, na baada ya misimu michache tundu ni pana kuliko msumari. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, hasa karibu na ncha za mbao.

Kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao, ndiyo inayoharakishwa kuliko kazi yote. Kingo za mbao mbili zigusane kwa ndani na ziachane kidogo kwa nje, kiasi cha unene wa shilingi, ili pamba iwe na mahali pa kukaa. Pamba isokotwe, ipigwe kwa patasi butu na nyundo ya mbao hadi isikubali tena, kisha ndiyo ifuate lami. Vipande vya bati vinavyopigiliwa juu ya viungo ni ulinzi wa kalafati tu. Fundi akitegemea bati lizuie maji, maji yatakaa nyuma yake na ubao utaoza usione. Pita kagua viungo kabla bati halijapigwa, mchana, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje.

Maboya ya akiba ni mitungi ya plastiki ya lita 20 iliyofungwa kabisa. Kila mmoja unainua karibu kilo 19 boti ikijaa maji. Ifungwe chini ya viti, juu kando ya mbavu. Ikifungwa sakafuni katikati, boti iliyojaa maji inapinduka juu chini. Kumi zinabeba injini na wavu wenye uzito wa kilo 190 ndani ya maji. Vesti za kuokoa za watu wote ni lazima, na leseni ya boti iko KMA (Mamlaka ya Usafiri wa Majini Kenya). Kwa uvuvi, anza na BMU (kamati ya usimamizi) ya ufuo wako.

Makubaliano na majaribio

Msimu wa kufungwa kwa omena, Aprili hadi Julai, boti nyingi hukaa ufuoni na wenyewe huzileta zitengenezwe, na mvua ya masika inachelewesha kukauka kwa mbao. Agiza baada ya hapo ukiweza. Andikeni kwenye karatasi, pamoja na mzee mmoja wa ufuo kama shahidi: urefu na upana, kimo cha ubavu, upana na kimo cha ubao wa nyuma, kina cha mkuku wa nje na mahali unapokomea, aina ya mbao za chini na za juu, nafasi ya mataruma. Malipo yagawanywe: mbao zikifika, mkuku na mataruma vikisimama, ubavu ukifungwa, na fungu la mwisho baada ya majaribio. Mataruma yakisimama ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kubadilisha umbo bila kulia, hivyo siku hiyo uwepo, na uwe na futi ya kupimia.

Boti mpya ikishushwa itavuja, tulia. Mbao zinakunywa maji na kuvimba kwa siku mbili tatu. Ikivuja bado baada ya hapo, weka alama ya chaki, itolewe nje, kalafati irudiwe mahali hapo. Kisha jaza watu kidogo kidogo na mifuko ya mchanga kufikia mzigo uliouagiza, pima kimo cha ubavu omo, katikati na tezi, na upake mstari wa rangi ambao mzigo hautauvuka. Mwambie mtu mmoja asimame ukingoni: boti inayoinama na kusita ni nzuri, inayoendelea kuinama haijapata upana wa kutosha.

Fanya jaribio la mwisho saa tisa alasiri, siyo asubuhi, nusu ya mzigo, ukielekea upepo kwanza, kisha ukirudi nao. Sikiliza injini ukiwa umenyoosha usukani, angalia maji yanayoingia kupitia omo, na ukiwa na wimbi nyuma uone kama tezi inafuata au inataka kukupita. Kama mkuku unapeleka hewa kwenye propela, fundi anaweza kuusugua kesho yake asubuhi. Kama ubao wa nyuma uko chini mno, mwambie aujenge upya kabla hujalipa fungu la mwisho.